Sisi Watu wa Kamba

Mliniuliza pale karakana, mkiwa mmekaa juu ya matairi ya zamani, mtu anakuwaje kiongozi mahali ambapo hakuna mshahara, hakuna ofisi, na kila mmoja anaweza kuondoka bila kuaga. Siku ile niliwajibu kwa kifupi kwa sababu magoti yalikuwa yananiuma na nilitaka kurudi kwangu. Lakini swali lenu nimeondoka nalo. Nyumba yangu ina nafasi nyingi ya kukaa na maswali.

Basi leo nawaandikia. Msome polepole, na mkiona nimepotea njia mnivumilie, maana siku hizi sina mtu wa kunikatiza ninapoongea.

Mnanijua kama Mama Régine wa michoro. Kabla ya kikundi chetu nilichora maisha yangu yote katika karakana ya reli hapa Lubumbashi, mwanamke peke yangu katika chumba kirefu cha wanaume na meza zilizoinama. Baba yangu alishuka kutoka kaskazini mwa Katanga akiwa kijana, akafanya kazi kwenye mabehewa mpaka mgongo ukakataa, na ndiye aliyeniombea nafasi pale. Nilichora bolti, breki, milango, ngazi. Mkuu wangu wa kwanza aliitwa Papa Mwamba, mzee mwembamba aliyevaa tai hata siku za joto. Alikuwa anachukua mchoro wangu, tunateremka nao wote wawili kwa mafundi, anampa fundi mmoja, halafu ananikataza kufungua mdomo. Fundi akikuna kichwa, mchoro unarudi juu nikaanze upya. Mara moja nilichora bawaba, na fundi akaitengeneza sawasawa kama nilivyochora: ikafungukia upande wa ukuta. Papa Mwamba aliiweka juu ya meza yangu, ikakaa pale hadi Pasaka, na kila mgeni aliyeingia alionyeshwa.

Alichotaka nijue ni kwamba mtu anayeshika mchoro wako hawezi kukuuliza. Uko mbali, au umelala, au umekufa. Kwa hiyo usichore kwa ajili yako wewe unayejua tayari.

Nilistaafu. Mume wangu akafariki mwaka uliofuata. Binti yangu yuko Johannesburg, mwanangu yuko Kinshasa, na wote wawili ni watoto wazuri wanaopiga simu siku ya Jumapili. Nikabaki na lupango wangu, kiwanja chenye nyumba, kule Annexe, ukuta, kisima na kuku. Sikujua kwamba kupika bukari, ugali wetu, ya mtu mmoja ni kazi ngumu hivyo. Sufuria ni kubwa, unga ni kidogo, mwiko unagonga chini. Unapika ya watu watatu kwa mazoea, unakula ya mtu mmoja, na kesho yake unawapa kuku. Kuku wangu walikuwa wanene kuliko kuku wa jirani yeyote.

Ndivyo Dieudonné alivyonikuta. Alikuwa mhandisi kijana, amemaliza chuo kikuu, mwenye maneno mazuri na shati lililopigwa pasi. Aliambiwa na jirani kwamba hapa anakaa mama aliyechora reli. Akaniambia habari ya pampu ya kamba. Wazo hilo si lake na hakulidai kuwa lake. Liko katika nchi nyingi, watu wanalibadilisha wanavyoweza. Unateremsha bomba la plastiki kisimani. Ndani ya bomba inapita kamba iliyofungwa visahani vya mpira, na kamba hiyo inazunguka juu kwenye rimu ya baiskeli. Ukizungusha mpini, visahani vinapanda na maji. Kisima kinabaki kimefunikwa kwa saruji, na ndoo ya kila mtu haiingii tena mule ndani na uchafu wake. Dieudonné alitaka tuitengeneze kwa vitu vinavyopatikana Lubumbashi, tuweke michoro wazi kwenye simu, anayetaka achukue, abadilishe, na akijifunza kitu aturudishie.

"Mama, lakini hatuna kitu ya kukulipa," aliniambia.

Nikamjibu kwamba sikumuomba kitu. Sikumwambia kwamba hakuna mtu aliyewahi kukaa kwenye kiti changu cha wageni muda mrefu hivyo tangu matanga ya mume wangu.

Karakana tuliazimwa na mchomea vyuma mmoja, Jumamosi mchana. Walikuja walimu, fundi wa baiskeli, wanafunzi, mama mmoja mkulima wa mboga, sista mmoja, na vijana wasio na kazi ambao mikono yao ilikuwa na njaa ya kushika kitu. Watu wa mtaa walituita ba-kamba, watu wa kamba, na jina likatukaa. Jambo la kwanza tulilofanya, kama Wakongo wema, lilikuwa kuchagua viongozi. Dieudonné alikuwa rais. Tulikuwa na makamu wa rais, katibu, katibu msaidizi, mweka hazina asiye na hazina, na washauri wawili, mmoja wao mimi. Pampu tulikuwa bado hatuna.

Nisiwe mkali. Bila Dieudonné kusingekuwa na kitu. Alijua kuzungumza na chifu wa mtaa, na paroko, na watu wa redio. Alikuwa anaamini, na imani yake ilikuwa inaambukiza. Mtu wa kwanza kuwasha moto ana kazi yake, naye aliifanya.

Tulijifunza kwa kuharibu. Visahani vya mpira tulivikata kwenye ubavu wa tairi. Mara ya kwanza tulivikata vinene, vikabana ndani ya bomba, na yule mama wa mboga, ambaye mikono yake ilikuwa ya kulima, akazungusha mpini mpaka ukapinda. Mara ya pili tulivikata vidogo, kamba ikapanda vizuri sana na maji yakabaki kisimani. Mnajua leo namna ya kupima: shikilia bomba likiwa limesimama na kavu, angusha kisahani, kiteremke chenyewe bila kusugua na bila kukimbia. Hilo nimelichora, nanyi mnaliona ni jambo dogo. Lilitugharimu mabomba mengi.

Pampu yetu ya kwanza tuliiweka Naviundu, katika lupango wa Mama Ilunga na mume wake, wazee wawili waliokaa karibu na mto. Siku ile tulipiga picha. Papa Ilunga alivaa koti. Alizungusha mpini, maji yakatoka, akacheka, akazungusha tena kabla ndoo haijafika. Baada ya hapo maombi yalikuja kutoka kila upande. Watu walichukua michoro wakajitengenezea wenyewe, wengine hata hatukuwajua. Nilikuwa nafungua kundi letu la simu asubuhi, nakuta picha ya pampu kutoka mahali sijawahi kufika, na ndani yake naona mistari yangu imegeuka kuwa chuma na kamba. Sitasema uongo. Zile asubuhi zilikuwa nzuri.

Sasa niwaambie juu ya Furaha.

Familia yake ilitoka Kivu ya Kaskazini, wafanyabiashara wa jumla, watu wa kusali na kuamka mapema. Walikuwa na duka kubwa njia ya Naviundu: kamba, turubai, mabeseni, ndoo. Furaha, binti yao, ndiye aliyekaa kwenye mizani. Hakuwa mwanachama. Hakuwa fundi. Siku moja ya Jumamosi aliingia karakana akiwa amebeba mfuko, akasimama mlangoni akingoja Dieudonné amalize kuongea, na Dieudonné hakuwa mtu wa kumaliza upesi. Halafu akamwaga mfuko juu ya meza. Vilikuwa vipande vya kamba, vimechanika, vyenye nywele nywele kama mkia wa mbuzi.

Alitueleza kwamba wateja wamekuwa wakirudi kununua kamba ile ile, na wanarudi upesi mno. Mwanzoni alidhani kamba zake ni mbovu. Akamwomba mteja mmoja waende pamoja nyumbani kwake, wakalivuta bomba lote kutoka kisimani, na huko chini wakaona kwamba ile chupa ya kioo tuliyoiweka chini ya bomba kuongoza kamba imepasuka, na ukingo wake unakata kama kisu.

"Kamba yangu haiko mubaya," alisema. "Kuko kitu kule chini inaikata. Na bantu benye kamba inakatika, banafungua kisima, banarudilia ndoo."

Mfikirie kidogo. Yule alikuwa muuza kamba. Kosa letu lilikuwa linamjazia duka. Angeweza kunyamaza, aendelee kupima na kuuza, na hakuna ambaye angemlaumu.

Chupa haikuwa kosa la mtu mmoja. Tulikuwa tumeiona katika pampu za nchi nyingine, ikafanya kazi kwetu miezi ya kwanza, tukaiamini. Lakini chupa zetu ni nyembamba, au mchanga wa visima vyetu ni mkali, sijui mpaka leo. Shida ilikuwa wakati wake. Dieudonné alikuwa amepata wageni kutoka ng'ambo waliotaka kuja kuona pampu na pengine kutusaidia vifaa. Ziara ilikuwa karibu. Alitusihi tusubiri.

"Kama tunasema sasa pompe iko na kosa, nani atatuamini? Tutengeneze kwanza, kisha tutasema."

Hakuwa mtu mbaya aliyesema hivyo. Alikuwa mtu aliyeogopa kupoteza kile alichokijenga. Nusu yetu tulitikisa kichwa kukubali. Furaha aliuliza swali moja tu.

"Na ule mwenye anakunywa mayi leo, ye anangoya nini?"

Mkutano ukaisha vibaya, kila mtu akatafuta mkoba wake. Yeye alirudi dukani, na kabla jua halijazama aliomba mtu amwingize kwenye kundi la simu. Akaweka picha ya chupa iliyopasuka, picha ya kamba, na maelezo mafupi: pampu zetu zina kosa hili, mkiona kamba inatoa nywele msifungue kisima, mpigieni yeye simu, atakuja. Akaweka namba yake.

Kesho yake ndipo tulipojua kwamba Papa Ilunga yuko katika hema la wagonjwa wa kipindupindu. Kamba yao ilikuwa imekatika siku nyingi. Mama Ilunga alikuwa amempigia rais wetu, na rais wetu aliahidi kwenda, halafu ziara ya wageni ikammeza. Wazee wakavunja kifuniko, wakarudia ndoo. Mvua ilikuwa imepandisha mto hadi karibu na vyoo. Hakuna anayeweza kuapa kwamba ugonjwa ulitoka kwenye kisima kile na si kwingine. Lakini Papa Ilunga alifariki, na sisi sote tulikuwa na ile picha yake akiwa na koti.

Kwenda matanga kulikuwa kugumu. Wengi walituma salamu. Dieudonné alikwenda, nitamheshimu kwa hilo, lakini alisimama barabarani, hakuweza kuvuka mlango. Mimi niliingia kwa sababu mjane anajua kuingia kwa mjane. Nilikuwa nimekaa na akina mama kwenye mkeka pale Furaha alipofika peke yake, akapiga magoti mbele ya Mama Ilunga.

"Mama, mi sikukuwa mu kikundi ile siku. Lakini pompe ni yetu, na tulichelewa kukuya. Ninakuya kuomba musamaha."

Mama Ilunga alimwangalia usoni. Akamuuliza anakaa wapi. Furaha akasema hapa hapa Naviundu, kule wanakouza kamba.

"Basi, ikala," Mama Ilunga akamwambia.

Akakaa. Alikaa mpaka jioni, akaosha vyombo pamoja nasi. Nilimwangalia mikono yake ndani ya beseni, nikafikiri: huyu ameomba msamaha kwa jambo ambalo hakulifanya, kwa niaba ya watu ambao hawakumtuma. Tangu mwanamke yule alipotamka neno "yetu", kikundi kilikuwa na mwenyewe. Hatukupiga kura. Wengi wetu hatukugundua hata kidogo.

Mimi nilikuja kugundua baadaye, kwa macho ya watu. Tulikuwa karakana, Dieudonné bado ni rais, akiongoza mkutano. Aliuliza kama tuanze na visima vya juu au vya karibu na mto. Watu wote, kabla ya kujibu, walimtazama Furaha, aliyekuwa kwenye kona akikata mpira. Dieudonné mwenyewe alimtazama. Niliona uso wake alipojitambua. Aliinamisha kichwa kwenye karatasi zake, na tangu siku ile alianza kuchelewa, halafu kukosa. Aliandika barua fupi nzuri ya kujiuzulu kwa Kifaransa, akaenda Kolwezi kwenye kazi ya mgodi. Wageni wa ng'ambo hawakuja tena. Na nusu ya watu waliondoka pamoja na heshima iliyoondoka. Makamu wa rais, katibu, wote. Sikuwalaumu. Watu wengine hupenda kitu kinapopanda.

Tuliobaki tulikuwa wachache kiasi kwamba mikutano yetu ilienea kwenye benchi moja. Lakini kundi la simu lilizidi kukua, maana ule ujumbe wa Furaha ulikuwa umefika mbali. Watu tusiowajua walianza kujibu. Mmoja alisema kwao badala ya chupa wanatumia kipande cha kigae. Mwingine alijaribu shingo ya mtungi wa udongo. Sauti ya mtu wa kaskazini, mwenye kikohozi, ilieleza polepole namna ya kuchonga mti mgumu na kuuchemsha ndani ya mafuta ya mawese hadi uache kutoa mapovu, kisha kamba inapita juu yake kama inapita juu ya sabuni. Tulijaribu. Ndio mnaoutumia leo.

Nilimwangalia Furaha akifanya kazi, na kama mnataka kujua kiongozi anatokeaje, haya ndiyo niliyoyaona. Kila aliyeuliza alijibiwa, hata kama jibu lilikuwa "sijui, ngojea niulize", na alikuwa anauliza kweli. Mtu akileta wazo, jina lake liliwekwa kando ya wazo. Alinilazimisha niandike kwenye mchoro jina la yule mwenye kikohozi, na yule mtu akatuma sauti akiwa anacheka kama mtoto. Mtu akikosea hadharani, alimrekebisha pembeni. Kazi ambayo hakuna anayeitaka, ya kuvuta bomba lenye tope kutoka kisima cha mtu asiyeshukuru, aliifanya bila kutangaza. Na alijua kunyamaza mpaka mwingine aseme. Mara nyingi nilijua kwamba ana jibu, nikamwona analishikilia mdomoni, anangoja kijana fulani mwenye haya alifikie. Hilo la mwisho ndilo gumu. Mimi mpaka leo silimudu.

Alikuwa anakuja kwangu Alhamisi baada ya kufunga duka mapema. Alikuja kwa ajili ya michoro, lakini tulikuwa tunakula. Alinifundisha kupika maharagwe ya kwao mazito, mimi nikampikia majani ya muhogo. Bukari ilipata watu wake. Aliongea kidogo juu ya Butembo, mji wa kwao, baridi ya asubuhi, mama yake aliyekuwa na sauti ya kuimba. Alinicheka ninavyochonga penseli kwa kisu. Hakuwa binti yangu, na sikutaka kumfanya binti yangu. Alikuwa mtu aliyejua ninachofanya na kwa nini ninakifanya, na watu wa namna hiyo katika maisha hawazidi vidole vya mkono.

Halafu baba yake akaugua kule Butembo, na kaka zake wakaamua kwamba duka la huku litashikwa na mdogo wao, na Furaha arudi nyumbani kumwangalia mzee na biashara ya kule. Alikuja kuniambia siku ambayo si Alhamisi, kwa hiyo nilijua kabla hajakaa.

Nilimuuliza nani atashika kikundi. Nilitaka ataje jina. Nilikuwa na majina kichwani, vijana wawili wenye akili.

"Sitaki kusema, Mama," alijibu. "Nikisema, batamungoya ule tu."

Nilikasirika kidogo. Niliona ni kama mtu anaacha jiko likiwaka. Nilimsindikiza hadi kituo cha gari, tukakumbatiana, nikarudi kwa miguu nikiwa nimebeba mfuko wa maharagwe alioniachia.

Kwa siku kadhaa kundi la simu lilikuwa kimya. Kisha mtu kutoka Kasenga aliuliza kwa nini maji yake yanatoka halafu yanakatika katikati ya ndoo. Nilijua jibu: kuna kisahani kimoja fundo lake limelegea. Lakini niliweka simu chini, nikasema mimi ni wa michoro, vijana watajibu. Nikalisha kuku. Nikafagia. Nikarudi, swali bado liko pale peke yake. Nilimfikiria yule mtu wa Kasenga, amekaa kando ya kisima chake, anaangalia simu. Nikajibu. Akashukuru, akauliza la pili. Mwingine akauliza la tatu. Jumamosi iliyofuata nilifungua karakana kwa sababu hakuna mwingine aliyekuja na ufunguo.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa kiongozi, nikiwa na magoti mabovu, na bila kutaka.

Vijana, kuna jambo ambalo watu hawalisemi wanapowasifu viongozi wa kujitolea. Ni kazi ya upweke. Unakuwa mlango ambao kila mtu anaugonga. Simu yangu inalia tangu asubuhi: Mama Régine, fundo, Mama Régine, rimu, Mama Régine, mpira wa tairi la lori au la gari dogo? Ninafurahi kuulizwa. Lakini inaweza kupita wiki nzima, watu wengi wameongea nami, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kama nimelala vizuri. Si kwamba ni wabaya. Wanamuona mtu anayejua, na mtu anayejua wanadhani hana haja. Pale ofisini kwa reli, hata mkuu mkali alikuwa na mwenzake wa kunywa naye chai saa nne. Kwetu sisi hakuna saa nne. Kwa hiyo ninyi mtakaoingia humu, mkimuona mmoja wenu anajibu maswali ya wote, siku moja mwende mkakae kwake bila swali. Chukueni unga mwende nao.

Furaha alikuwa anapiga simu kila wiki. Kisha kila mwezi. Baba yake alipona nusu, duka la kule likakua, akaolewa, akapata mtoto. Sasa hunipigia Noeli na sikukuu ya Mwaka Mpya, sauti yake ina haraka, na nyuma yake nasikia watu wanamwita. Simdai. Mara nyingi tunaagana kabla sijamwambia lile nililotaka kumwambia, na nikishakata simu sikumbuki lilikuwa nini.

Mwaka huu, kiangazi, nilikwenda Mitwaba. Mdogo wa mama yangu alifariki, na katika upande wetu nilikuwa mimi tu niliyebaki wa kwenda. Barabara ilinivunja mifupa. Sikumwambia mtu yeyote wa kundi kwamba nakwenda. Nilikwenda kama mtu wa msiba. Asubuhi baada ya maziko nilichukua ndoo, nikawafuata akina mama wengine kwenda kuteka maji, na pale, nyuma ya kanisa, nikaikuta.

Sikuitambua mara moja. Gurudumu halikuwa rimu ya baiskeli. Lilikuwa la mbao, limechongwa vizuri, maana kule baiskeli ni ya kubebea mihogo, hakuna anayetoa rimu yake. Mpini ulikuwa mrefu kuliko wetu ili watu wawili washike pamoja. Paa dogo la nyasi lilizuia jua lisile kamba. Hilo la paa sikuwahi kulifikiria. Nilisimama kwenye mstari, nikiangalia kila sehemu, nikiona wapi ni mimi na wapi si mimi.

Zamu yangu ilipofika nilishika mpini. Mwanamke kijana aliyekuwa nyuma yangu aliona mgeni, akanigusa mkono.

"Mama, usizungushe na nguvu. Enda polepole, mayi itakuya yenyewe."

Nikaenda polepole. Maji yakaja. Nikamuuliza ni nani aliyeitengeneza. Akasema ni wao. Nikamuuliza michoro waliipata wapi, akasema ilikujaga kwa simu, kitambo, yeye alikuwa bado shuleni. Nikamuuliza chifu wa pampu ni nani.

"Chef haiko," alisema. "Ikiharibika, tunaita Ma Odette."

"Mulimuchagua?"

Akafikiri, kama mtu aliyeulizwa nani aliichagua mvua.

"Hapana. Ye njo mwenye anakuyaka." Yaani, yeye ndiye ajaye.

Gurudumu lilikuwa linalia kidogo kila lilipozunguka, na mtu alikuwa ameshakwenda kumwita Ma Odette. Ndoo yangu ilikuwa imejaa. Ningeweza kuondoka. Nilitamani kusema kitu, nilikuwa nacho mdomoni, mimi ndiye niliyeichora... lakini nyuma yangu kulikuwa na ndoo nyingi, na mtu kusema jambo kama hilo mbele ya watu wanaongoja maji ni kuwachelewesha tu. Nikasogea kando, nikasimama na ndoo yangu.

Ma Odette alikuja bila haraka, mtoto mgongoni, kopo la mawese mkononi. Alikuwa na umri wa binti yangu. Hakusalimia kwa sauti. Alizunguka pampu, akaweka sikio karibu na ekseli, akachuchumaa. Mahali palipokuwa pakavu palikuwa upande wa chini, na ili apafikie gurudumu lilihitaji kunyanyuliwa na kushikiliwa. Alitazama huku na huku. Akina mama walikuwa wameshika watoto na ndoo. Akaniona mimi, bibi mgeni aliyesimama tu kando.

"Mama, kamata hapa kidogo," akaniambia.

Nikaweka ndoo chini, nikalinyanyua gurudumu, nikalishika. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani. Alifanya kazi yake taratibu, hakuniuliza jina langu, nami sikuwa na haraka ya kuliachia.